Mahali Pagumu Zaidi pa Kupigana na Majoka katika Skyrim Yenye Modi

Mchezaji anayetia modi za majoka, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, katika mchezo wa kompyuta wa Skyrim kwa mara ya kwanza huuliza karibu kila mara ni joka lipi lililo gumu kuliko yote. Swali hilo si baya, ila jibu lake halimfikishi mbali, kwa sababu modi inaweza kulipa joka lolote uhai na nguvu za kutosha kukumaliza kwa pumzi moja. Kitu ambacho modi hizo hazigusi ni ardhi: mahali mwamba ulipo, upande ambao mteremko unaelekea, umbali wa mlango ulio karibu, na adui wa pili aliyelala ndani ya jeneza akisubiri usogee hatua moja zaidi. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga ugumu kwa mahali, si kwa majina ya majoka.

Nimecheza Skyrim karibu tangu ilipotoka mwezi wa Novemba 2011, kwanza katika chumba cha gemu pale Section 58 hapa Nakuru, tulikolipia kwa saa na ambako aliyekalia kiti chako jioni alikuwa na mazoea ya kuandika hifadhi yake, yaani rekodi ya mahali alipofika mchezoni, juu ya yako, kisha nyumbani, kwenye kipakatalishi cha mitumba ambacho betri yake haikai na chaji tena. Ninayoyaandika ni ya mtu aliyekufa mara nyingi katika kila mahali anapopataja.

Modi, hifadhi na hesabu

Maelezo haya yanahusu toleo la kompyuta, yaani Special Edition la mwaka 2016 au Anniversary Edition lililofuata mwaka 2021, likiwa na mojawapo ya modi mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni Deadly Dragons, ambayo hukuwezesha kuongeza uhai wa majoka na ukali wa mapigo yao kupitia menyu yake, na pia huleta aina mpya za majoka. Ya pili ni Dragon Combat Overhaul, ambayo hubadilisha zaidi akili ya joka, namna linavyoruka na namna linavyopigana likishatua. Kwa kuwa zote mbili zinagusa majoka yaleyale, usizitie pamoja kabla ya kusoma maelezo ya utangamano yaliyoandikwa na watengenezaji wake. Menyu za modi nyingi za aina hii hutegemea SkyUI, ambayo ni modi ya menyu, na SkyUI nayo hutegemea SKSE, programu inayoongezea mchezo uwezo wa skripti, ambayo ni lazima ilingane na nambari ya toleo la mchezo wenyewe. Mchezo ukijisasisha usiku wakati umelala, asubuhi utakuta menyu zimetoweka. Kwa hiyo iagize Steam, programu unayopakulia mchezo, isasishe mchezo pale tu unapouanzisha, halafu uwe unauanzisha kupitia SKSE.

Usiondoe modi yenye skripti katikati ya safari. Skripti zake hubaki ndani ya hifadhi, na hifadhi hiyo inaweza kuharibika pole pole bila wewe kutambua hadi siku ambayo haifunguki. Ukiona majoka yamekuwa makali kupita kiasi, punguza nguvu zao kwenye menyu badala ya kuing'oa modi. Aidha, usitegemee hifadhi ya haraka peke yake, kwa kuwa kila moja hufuta iliyotangulia. Kabla ya kila mahali palipotajwa hapa chini, fanya hifadhi kamili yenye nafasi yake mwenyewe.

Sasa hesabu. Skyrim ina ngazi 6 za ugumu. Katika Adept, ambayo ni ya kati, unaumiza na kuumizwa kwa kipimo cha kawaida. Katika Master pigo lako hupunguzwa hadi nusu na la adui huzidishwa mara 2. Katika Legendary pigo lako hubaki robo na la adui huwa mara 3. Joka la kawaida la mwanzoni lina uhai wa 905, ilhali lile la daraja la juu kabisa, ambalo nalo huitwa Legendary, lina 4,163 hata kabla ya modi kuligusa. Kupigana na hilo la pili katika ngazi ya Legendary ni sawa na kupiga kitu chenye uhai wa zaidi ya 16,600, na modi ikiongeza maradufu juu ya hapo, mishale yako itaisha kabla ya subira yako. Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande ambao wengi hawauoni: ngazi ya ugumu hupunguza pigo lako wewe, haipunguzi la mwandani wako, yaani mhusika anayesafiri nawe kama Lydia. Lydia mwenye upinde mzuri na mishale mizuri anaumiza joka kwa kipimo kamili huku wewe ukitoa robo, kwa hiyo mpe upinde bora kuliko wako na usione haya.

Deraya haikusaidii dhidi ya pumzi ya joka. Hata ikifikia kikomo chake cha kupunguza asilimia 80 ya pigo la silaha na meno, moto na baridi hupita kana kwamba umevaa shuka. Kinachozuia pumzi ni ukinzani, na ukinzani uko wa namna mbili zinazofanya kazi moja baada ya nyingine: ule wa moto au baridi, na ule wa uchawi kwa jumla. Kila mmoja una kikomo cha asilimia 85. Ukivifikia vyote viwili, pumzi ya pointi 100 hupunguzwa kwanza hadi 15, kisha hadi 2 na robo. Hakuna upanga katika mchezo huu unaokupa faida ya namna hiyo. Mchezaji wa kabila la Breton huanza na asilimia 25 ya ukinzani wa uchawi, Jiwe la Lord humwongezea 25, baraka ya Agent of Mara inayopatikana katika hekalu la Riften humwongezea 15, na ustadi wa uchawi wa Alteration humwongezea hadi 30. Jumla yake ni 95, yaani 10 zaidi ya kikomo. Wa makabila mengine atafika 70, na sehemu iliyobaki ataitafuta kwenye pete au mkufu wenye uchawi. Atumiaye ngao apate ustadi wa Elemental Protection, ambao hupunguza moto, baridi na radi kwa nusu wakati ngao imeinuliwa. Sumu za kupoozesha usizibebe, kwa kuwa majoka hayapoozeki.

Kuisoma ardhi

Ufikapo mahali penye joka, tazama kwanza utakapojificha kabla hujatazama utakapopiga. Pumzi ya joka husafiri kwa mstari ulionyooka na haipiti mwamba, kwa hiyo jiwe moja lenye kimo cha mtu lina thamani kuliko chupa kumi za dawa. Kisha tafuta mahali tambarare ambapo joka linaweza kutua, maana joka lililokosa pa kutua litaendelea kuzunguka hewani likikumwagia moto, na modi nyingi hulipa subira kuliko lile la mchezo wa awali. Likitua, simama ubavuni, usawa wa bega la bawa. Mbele kuna meno, nyuma kuna mkia, na mbele ndiko joka linakoweza kukudaka kwa kinywa na kukurusha uhai wako ukiwa mdogo.

Ukelele wa Dragonrend, mmoja wa uchawi wa sauti wa mhusika wako, ambao utaujifunza kwenye kilele cha Throat of the World, hulilazimisha joka litue, lakini wengi huupiga mara tu joka linapoonekana, nalo hutua upande wa pili wa bonde, mahali ambapo huwezi kufika bila kuvunjika miguu. Usubiri lipite juu ya uwanda uliouchagua mwenyewe. Wakati ule ule, weka tayari ukelele wa Become Ethereal, ambao kwa neno lake la kwanza tu hukupa sekunde 8 za kutodhurika. Katika sekunde hizo unaweza kuruka kutoka kwenye jabali lolote na ukafika chini mzima, na hiyo ndiyo njia ya kukimbia katika nusu ya sehemu zinazofuata.

Pa kufanyia mazoezi

Western Watchtower, nje ya Whiterun, ndipo mchezo unapokupa joka la kwanza, Mirmulnir, na hata modi ikiwa kali, mahali penyewe pana huruma. Uwanja ni tambarare, askari wa Whiterun wakiongozwa na Irileth wanagawana moto pamoja nawe, na mnara wenyewe, ujapokuwa gofu, una ndani ambamo joka haliingii. Panda ngazi, piga mishale, rudi ndani likikugeukia. Ukishindwa hapa mara tano, tatizo liko kwenye menyu ya modi, haliko kwako. Shusha nguvu kidogo.

Kynesgrove ni jambo jingine. Huko Alduin, joka lililo adui mkuu wa hadithi, anamfufua joka Sahloknir mbele ya macho yako, na mchezaji aliyeikimbiza hadithi kuu akiwa bado na kiwango cha chini hujikuta akikabili joka la modi huku amevaa deraya ya ngozi. Usipoteze mishale kwa Alduin aliye juu, kwa kuwa hadhuriki wakati huo. Delphine, aliyekuja pamoja nawe, hafi, kwa hiyo mwache awe mbele, wewe kaa kwenye miamba iliyo chini ya kaburi la joka na upige likiwa limemgeukia yeye. Si vita vya heshima, lakini ni vita vya kushinda.

Chemchemi, kreta na mlima wa theluji

Aliyewahi kusimama kando ya chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, mvuke ukimpiga usoni na maji yakichemka kama sufuria ya maharagwe, ataitambua Bonestrewn Crest mara moja. Kilima hiki kiko katika nyika ya volkano ya Eastmarch, kusini mwa Windhelm, na ugumu wake ni kwamba hakina pa kujificha hata kidogo. Kuna mifupa ya mamothi, mvuke, na anga. Mbinu yangu hapa ni kutopigana juu ya kilima kabisa. Lichokoze joka kwa mshale mmoja kutoka mbali, kisha lirudishe nyuma hadi karibu na kambi za majitu zilizoko katika nyika ile. Jitu halipendi joka, na rungu la jitu hulifanya joka kitu ambacho upanga wako hautaweza kulifanya kwa saa nzima. Sharti ni moja: ukae mbali na mamothi wao, ukitoa silaha mapema jitu litadhani umekuja kwa ajili yake.

Dragontooth Crater, katika nchi ya Reach, ni bakuli, na mtu wa Nakuru aliyetembea ukingoni mwa Menengai anajua tayari la kufanya: usishuke. Ukiwa ndani ya bakuli, joka liko juu yako kila upande. Ukiwa ukingoni, ndilo lililo chini au usawa wako, nawe una miamba ya kujikinga. Shuka likishakufa, uchukue neno lako la ukelele wa Elemental Fury kwenye Ukuta wa Maneno, yaani ukuta wa maandishi unaokufundisha neno la ukelele.

Mount Anthor, kusini-magharibi mwa Winterhold, panachosha kuliko panavyotisha. Mteremko ni mkali, theluji inakufumba macho, na joka hupenda kutua mahali ambapo mwandani wako hawezi kufika, kwa hiyo unabaki peke yako. Hapa Dragonrend ina kazi kubwa, ila itumie joka likiwa mbele ya Ukuta wa Maneno, ambapo ardhi imelala kidogo. Likifia hewani litaanguka bondeni na utalazimika kulifuata huko chini ili upate roho yake.

Shearpoint

Hapa ndipo nimewaona wachezaji wengi wakifa, na wengi wao walikuwa tayari wameshinda. Shearpoint iko milimani, kaskazini mwa Valtheim Towers. Kwa mbali unaona joka moja kwenye Ukuta wa Maneno, na unajiambia kwamba umeshazoea joka moja. Usiloliona ni kwamba mbele ya ukuta huo pana jeneza, na ndani ya jeneza yumo Krosis, kuhani wa majoka, ambaye huinuka unaposogea karibu.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alipigana hapo mbele yangu likizo iliyopita. Alikuwa na Deadly Dragons iliyopandishwa juu kuliko nilivyomshauri, lakini alilipiga joka lile kwa ustadi, akizunguka jiwe moja kama mtu anayecheza kibe na mtoto, hadi likaanguka. Uhai wake ulikuwa umebaki kipande kidogo chekundu, dawa zimeisha, Lydia amepiga goti. Badala ya kusubiri, akaukimbilia ukuta kwa furaha kulichukua neno. Jeneza likapasuka. Aligeuka akanitazama, akaniuliza, "Mjomba, joka si limekufa? Huyu naye ni nani?" Kabla sijamjibu, mpira wa moto ulikuwa umekwisha kufika. Hifadhi yake ya mwisho ilikuwa Whiterun.

Njia ya salama ni kuligawa pambano. Kaa chini ya ukuta, mbali na jeneza, kwenye miamba ya upande unaopandia, na upige joka kwa mishale hadi lije kwako. Ukifanya hivyo Krosis atabaki amelala. Joka likishakufa, rudi nyuma kabisa, ngoja uhai na stamina virudi, fanya hifadhi kamili, kunywa dawa ya kukinga moto, ndipo usogelee jeneza. Krosis huelea na hupigana kwa uchawi wa masafa, kwa hiyo jiwe lililokukinga na joka litakukinga na yeye pia: jitokeze, piga, rudi. Mwandani wako mwenye upinde atafanya kazi nzuri akiwa upande wa pili, kwa sababu kuhani hawezi kutazama pande mbili. Mambo yakiharibika, pambano hili lina mlango mzuri wa nyuma, nao ni lile jabali: Become Ethereal, ruka, na uende zako. Ukimshinda utapata barakoa yake, ambayo huimarisha upinde, ufunguaji wa kufuli na utengenezaji wa dawa kwa asilimia 20 kila kimoja, kwa hiyo mpiga mishale asiipite Shearpoint hata kama inamuuma.

Chini ya ardhi na nje ya dunia

Katika pango kubwa la Blackreach, juu ya magofu ya Silent City, limening'inia tufe la rangi ya machungwa ambalo hutoa mwanga kama jua la jioni. Ukilipigia ukelele wa Unrelenting Force, joka liitwalo Vulthuryol hutokea. Uzuri wa mahali hapa ni kwamba wewe ndiye unayechagua saa. Ubaya wake ni kwamba kelele za pambano huwaleta Falmer, viumbe vipofu wa mapangoni, na watumwa wao. Safisha kwanza barabara zote za mji ule, pole pole, kwa mshale wa kificho, na usilipigie tufe hadi umehakikisha kwamba hakuna aliyebaki hai. Paa la pango hulifanya joka liruke chini chini, jambo linalomfaa mpiga mishale, na mlango wa Silent City Catacombs uko karibu ukihitaji kupumua.

Skuldafn, hekalu la kale lililo mbali milimani, ni pagumu kwa sababu ya mfuko wako. Joka Odahviing hukubeba huko peke yako, mwandani hubaki nyuma, na huwezi kurudi mjini kununua chochote hadi uimalize sehemu hiyo. Mara tu unapoanza kutembea unakutana na majoka mawili pamoja na Draugr, yaani wafu wanaotembea, wenye pinde, wote kwa mara moja, katika magofu yaliyo wazi. Kwa hiyo maandalizi yote hufanyika Whiterun: acha nyumbani kila kitu kizito, beba mishale kuliko unavyodhani utahitaji, na dawa za uhai zipate kipaumbele juu ya silaha ya akiba. Ukifika, usisimame darajani. Minara ya Skuldafn ina milango ya kuingilia ndani, nayo ndiyo kimbilio: vuta joka moja, ingia, ua Draugr waliomo humo, toka, piga, ingia tena. Ni kazi ya nusu saa isiyo na fahari yoyote. Kule juu, kabla ya lango la kuingia Sovngarde, nchi ya wafu, anakusubiri kuhani mwingine, Nahkriin, mwenye fimbo inayofungua lango hilo, basi usimalize dawa zako zote kwa majoka.

Soul Cairn, katika nyongeza ya Dawnguard, ina joka Durnehviir, ambaye hawezi kukufikia hadi umewaua Walinzi watatu wa mahali pale. Ugumu wake ni jeshi analoliinua kutoka ardhini wakati anaruka. Serana na mama yake Valerica, wanyonyaji damu wawili, watakuwa upande wako, kwa hiyo waachie wafu hao, wewe shughulika na joka peke yake. Ikiwa uliingia Soul Cairn kwa kuacha sehemu ya roho yako badala ya kuwa mnyonyaji damu, uhai wako umepunguzwa tangu mlangoni; irudishe sehemu hiyo ya roho kwanza.

Jambo moja kuhusu miji, kwa kuwa si kila joka husubiri kufuatwa. Modi ikiongeza mashambulizi ya ghafla, Riverwood inaweza kubaki bila mhunzi na bila mwenye duka kabla hujafika kiwango cha 15, kwa sababu wanakijiji hukimbilia joka na visu vya jikoni. Tia modi iitwayo Run for Your Lives, ambayo huwafanya waingie majumbani joka linapokuja.

Ziwa la barafu la Forgotten Vale

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu kwa maoni yangu hakuna mahali pagumu zaidi katika Skyrim yote, iwe na modi au isiwe nazo. Forgotten Vale ni bonde lililofichwa unaloingia katika sehemu za mwisho za Dawnguard, na katikati ya safari yake pana ziwa lililoganda. Unapolivuka, barafu hupasuka na majoka mawili pacha, Naaslaarum na Voslaarum, hutoka chini ya maji. Kisha hufanya jambo ambalo joka jingine halifanyi: hutumbukia tena chini ya barafu na kuibukia mahali pengine. Uwanja ni tambarare, mweupe, hauna jiwe hata moja. Modi ikiwa imeongeza akili na nguvu zao, katikati ya ziwa lile mchezaji huishi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi.

Siri ni kwamba hakuna anayekulazimisha upigane katikati. Tembea barafuni hadi yaibuke, kisha geuka mara moja urudi ukingoni, kwenye majabali. Ukelele wa Whirlwind Sprint utakusogeza haraka, na Become Ethereal itakukinga ikiwa umechelewa. Ukishafika kwenye miamba, chagua joka moja na usiliache. Kosa la kawaida ni kumpiga kila anayepita karibu, hivyo yote mawili yanabaki na nusu ya uhai na wewe umebaki bila dawa. Likiwa limetua barafuni karibu na ukingo, lipige Dragonrend ili lisipate kuruka, umalize kazi huku mwamba ukiwa kati yako na pacha wake. Kunywa dawa ya kukinga moto na ya kukinga baridi zote mbili kabla ya kuikanyaga barafu. Usingoje kuona kinachotoka kinywani. Serana huwafufua maiti walio karibu, na mara nyingi maiti hao, ambao ni Falmer uliowaua njiani, hulishughulisha pacha la pili kwa muda unaotosha.

Nilijaribu pambano hili mara tisa na modi. Mara ya tisa, jioni moja ya mvua mwezi wa Aprili, Voslaarum alikuwa amekwisha kufa na Naaslaarum amebaki na uhai wa upana wa ukucha, umeme ukapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani nikisikiliza mvua kwenye mabati na kuikumbuka ile betri. Tangu siku hiyo, kati ya joka la kwanza na la pili mimi hujificha nyuma ya mwamba na kufanya hifadhi kamili, hata kama vita vinaendelea, ilimradi sijawaka moto wakati huo. Ukijihifadhi ukiwa unaungua, kila utakapoifungua hifadhi hiyo utaungua.

Yote mawili yakishakufa, usikimbilie kubeba kila kitu. Mfupa mmoja wa joka una uzito wa 15 na gamba moja lina 10, na majoka mawili yatakuachia mzigo utakaokufanya utembee kama kobe katika bonde ambalo bado lina Falmer mbele. Mpe mwandani wako mifupa, wewe chukua magamba unayoyahitaji, kisha nenda kwenye Ukuta wa Maneno ulioko kando ya ziwa. Neno utakalolipata ni moja kati ya matatu ya ukelele wa Drain Vitality. Mengine yako Dimhollow na Arcwind Point, na Arcwind Point nako, ukiwa na modi, nenda na mishale ya kutosha.